Mkaguzi wa Miguu ya Minara

Katika mashamba ya migomba ya Urabá, mkaguzi wa minara ya umeme hamsalimii mtu kabla ya kukagua. Hupiga magoti, hufukua udongo kwenye mguu wa chuma, huupapasa kwa kidole gumba, kisha huugonga kwa nyundo huku ametega sikio. Asubuhi ile Eliseo, fundi wa kupanda minara, alikuwa amekwisha kufunga mkanda wa kupandia.

"Mzee, unakagua au unaposa?" alimtania. "Rangi mpya hiyo, inang'aa! Niache nipande."

Mkaguzi akasukuma bisibisi pale alipofukua. Ikazama ndani ya chuma hadi mpinini, kama kwenye ndizi mbivu. Mkaguzi akainuka, akajipangusa magoti, akamfungua Eliseo mkanda kwa mikono yake mwenyewe, taratibu.

"Haya, mwanangu," akasema, "umeamkaje?"