Picha Zilizopungua

Siku niliyopanda na kamera nyumbani kwetu Wusi, huko milimani, kwa mara ya kwanza, mama hakuigusa. Aliizunguka pale mezani kama mtu aliyekuta mzigo wa mgeni asiyemjua, kisha akaniuliza bila kunitazama:

"Mwanamume gani amekupa?"

"Nimepewa na mke wa fundi wa picha, mama. Ni ya zamani. Ilikuwa imekaa tu."

"Na mumewe anajua?"

"Anajua."

"Mm," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema "mm" namna ile, ujue hajakuamini.

Nilikuwa na kazi Voi, katika studio iliyokuwa nyuma ya maduka, karibu na stesheni. Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa pwani, mtaratibu, aliyefunga studio kila saa za swala na kuifungua tena bila haraka. Alinichukua kwa sababu nilitoka shule ya misheni nikiwa na mkono mwepesi wa kuchora. Kazi yangu ilikuwa kutia rangi. Picha zilitoka nyeusi na nyeupe, nami kwa brashi nyembamba nikatia wekundu mashavuni, buluu kwenye shati, dhahabu kwenye saa ya mkononi. Saa ilikuwa ya studio. Koti pia lilikuwa la studio, moja kwa wateja wote, wanene na wembamba. Walisimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi za marumaru na ndege weupe wakielea ziwani.

Mwanzoni niliipenda kazi ile. Baadaye nikaanza kuitilia shaka. Kibarua wa shamba la mkonge aliingia na mikono iliyokwaruzwa na miiba, akatoka kwenye karatasi akiwa na mikono laini kama ya karani. Aliyemgeuza ni mimi. Nikawa nawatazama watu njiani nikijiuliza picha zao zingekuwaje bila pazia lolote nyuma yao.

Ndipo nikaanza kutoka na kamera siku za Jumapili.

Ilikuwa kamera ya sanduku, nyeusi, yenye kidirisha kidogo juu cha kuchungulia. Fundi alinipa somo moja tu: "Jua liwe mgongoni mwako, binti, na mtu awe mbele yako. Basi." Nikafuata. Nikapanda treni hadi Taveta nikapiga picha ya Kilimanjaro, theluji juu na mawingu pembeni. Filamu iliposafishwa fundi alifurahi.

"Hii ingefaa kalenda," akasema.

Nikaitazama. Ni kweli, ilifanana na kalenda, tena ile niliyokuwa nimeiona ukutani kwa karani wa stesheni. Sikuwa nimeuona mlima hata kidogo. Nilikuwa nimekumbuka kalenda tu, nikabonyeza.

Nilirudi Taveta nikaingia sokoni. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Mata alikuwa amepanga ndizi zake chini, kivuli cha mikungu kimelala juu ya udongo kama vidole. Nilipoinamia kidirisha, hakufunika uso. Alivua kanga yake ya mabegani akafunika ndizi.

"Unampelekea nani?" akaniuliza.

"Simpelekei mtu. Ni zangu."

"Zako za nini? Walikuja watu na kamba na vigingi, nao walisema wanatazama tu. Sasa pale walipotazama hatulimi."

Wenzake wakanigeukia. Mmoja akauliza baba yangu ni nani, mwingine akasema sikufanana na mtu mwenye kazi ya halali. Nilitoka pale haraka, lakini sikuacha kuiwaza ile kanga juu ya ndizi, jinsi ilivyoinuka na kushuka kama watoto waliolala chini ya shuka. Sikuwa nimeipiga. Kwa majuma kadhaa baada ya siku ile nilitembea na kamera bila filamu, nikichungulia tu.

Nilijifunza polepole. Niligundua kwamba mchana wa Voi unafuta kila kitu, na kwamba asubuhi udongo mwekundu una mikunjo usiyoijua. Nilivunja somo la fundi nikaliweka jua mbele yangu, nikaona katani iliyoanikwa kwenye waya ikiwaka kama nywele za mtu. Nikiona kitu kizuri, sikukiamini. Nilingoja nione kama ni kizuri kweli au nimeshakiona mahali. Hata nilipotia filamu tena, mara nyingi nilirudi nyumbani bila kupiga kitu.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Wafungwa walipitishwa Voi katika mabehewa yenye wavu madirishani, na aliyesimama kutazama aliulizwa anatazama nini. Msichana mwenye kamera karibu na reli hakuhitaji kufanya kosa ili ashukiwe. Askari wawili walinisimamisha, wakaigeuza kamera juu chini, wakaitikisa, wakanirudishia. Nilidhani jambo lile limeishia pale.

Baada ya muda mfupi, picha zangu zikaanza kupungua.

Filamu moja ilichukua picha nane. Fundi aliisafisha, akanipa sita. "Nyingine zimeungua," akasema. Filamu iliyofuata akanipa tano. Nilikuwa nikipiga kwa kusitasita, kila moja naijua kama ninavyojua vidole vyangu, kwa hiyo nilijua zipi hazipo. Mlima ulikuwepo. Ndovu wa mbali, wadogo kama mende, walikuwepo. Miongoni mwa zilizokosekana ni ukuta wa udongo wenye kivuli cha mkonge, ile katani ya kwenye waya, na mama.

Mama nilikuwa nimempiga picha Wusi asubuhi, bila yeye kujua. Alibeba kuni, amenipa mgongo, anaingia kwenye ukungu pale njia inapokata kwenda shambani. Ukungu ulikuwa umeshameza miguu yake. Ndiyo picha niliyoingoja kuliko zote.

Wiki ile ile nilimwona fundi mlangoni na bwana mmoja aliyevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi kuliko ya raia wa kawaida. Waliongea kwa sauti ya chini. Nilipotokea, wakaanza kuzungumzia mvua.

Sikupata amani tena. Niliamini fundi ameniuza. Nilimtazama akinywa chai yake nikafikiri: huyu amempa polisi mgongo wa mama yangu. Mkewe aliponiletea mahamri nilikataa, nikisema nimeshiba. Hata rangi nilizotia siku zile zilikuwa mbaya, mashavu ya watu yalitoka kama yamepigwa makofi.

Mwisho nilishindwa. Adhuhuri moja, studio ikiwa tupu, nikamwambia:

"Mzee, picha zangu haziungui. Umezipeleka wapi?"

Alikwenda akafunga mlango wa mbele kwa komeo, nami nikarudi nyuma hadi nikaligusa pazia. Kisha akaingia kwenye chumba cha giza, akatoka na kopo la biskuti, akaliweka juu ya meza yangu ya rangi.

"Fungua."

Zilikuwemo zote, pamoja na filamu zake zilizokatwa.

"Yule bwana uliyemwona," akasema, "anapita hapa kila filamu yako ikitoka. Anataka kuona unachopiga. Nikimwambia hujapiga, ataniletea taabu. Basi namwonyesha mlima. Namwonyesha ndovu. Anaridhika."

"Na hizi?"

Alichukua ile ya mama kwa ncha za vidole. "Nikimpa hii, ataniuliza: huyu nani? Anakwenda wapi? Amebeba nini? Kwa nini haonyeshi uso? Mlima hakuna anayeuuliza, binti. Hizi zinaulizwa. Wallahi, hata mimi nimekaa nazo nikiuliza."

Nilitaka kumwamini. Lakini hofu haiondoki kwa kuambiwa tu, na nilihesabu picha zile mara mbili mbele yake kabla ya kusema ahsante. Yeye aliniacha nihesabu. Hata leo sijui kama alikuwa akinilinda mimi au studio yake. Labda yote mawili. Lakini kuhusu picha alikuwa amesema kweli. Bila kukusudia alikuwa amezitenga: upande huu zile ambazo mtu yeyote angepiga, na upande ule zangu.

"Nani alimtuma yule bwana kwako?" nikauliza.

"Alisema habari ilitoka huko kwenu, milimani. Zaidi sikuuliza."

Jumamosi nilipanda Wusi na lori la mboga lililokuwa likirudi tupu. Njia nzima nilizipitia nyuso za majirani kichwani, huyu aliyenionea wivu wa shule, yule tuliyegombea naye mpaka wa shamba. Nilipofika, nilimsimulia mama yote, nikamaliza kwa kusema nitamjua tu aliyenisema.

Mama alikuwa akipepeta mahindi. Aliweka ungo chini.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?"

"Nilikwenda kwa mzee wa mtaa nikamwuliza ni nani Voi anayewapa wasichana kamera. Nilitaka kumjua huyo mwanamume. Sikujua atalipeleka neno hilo mbele."

"Nilikuambia hakuna mwanamume!"

"Uliniambia. Sikukuamini." Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Na wewe ulikuwa unapanda hapa, husemi nasi, unasimama shambani unatazama ukuta. Ningefikiri nini?"

Nikatoa ile picha kwenye kitambaa nikampa. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama, akaufuata ule mgongo kwa kidole.

"Huyu umempata wapi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mama yangu alikufa wewe hujazaliwa."

"Ni wewe, mama."

"Mimi siko hivi."

"Ni wewe. Ulikuwa unakwenda shambani."

Alijishika bega, akapapasa mgongo wake kadiri mkono ulivyofika. Mtu hauoni mgongo wake maisha yake yote, na yeye alikuwa ameuona akaukuta ni wa mtu mwingine. Alinitazama kwa jicho lile lile la shaka, lakini sasa lilikuwa pia na njaa ya kujua.

"Unazo nyingine kama hii?" akauliza.

Nikamtolea ukuta, nikamtolea katani. Ukuta aliugeuzageuza, akasema kivuli kimekaa vibaya, ningengoja kidogo. Tulibishana juu ya kivuli kile hadi mahindi yakaliwa na kuku.