Aliyetangulizwa Langoni

Kwa miaka arobaini na mmoja Bi Mkasi alishona sare za shule, na hakurudishiwa hata sketi moja. Hilo alilijua, na asiyelijua alijulishwa. Magoti yalipogoma kukanyaga cherehani, mke wa mwanawe akamwekea mchezo kwenye simu, ule wa kucheza na watu walio mbali: kila mmoja na mhusika wake, mnasikilizana kwa sauti, mnapigana na madude. Mkwe alidhani atauchoka kwa wiki moja. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na Bi Mkasi ndiye kiongozi wa kikundi.

Walikuwa wanne: yeye, Nesi, Kinyozi na Fundi Friji, watu ambao hakuwahi kuwaona kwa macho. Waliingia saa kumi na moja jioni, kazi zikiisha. Na Bi Mkasi alikuwa na hadithi yake: kwamba tangu mwanzo, akiwa bado na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kila wakifika langoni Fundi Friji alimwambia, "Mama, tangulia, sisi tupo nyuma yako."

"Waliniona mapema," alikuwa akisimulia kwenye foleni ya kliniki. "Uongozi haujifichi."

Siku hizi alikuwa na simu mpya, na intaneti ya waya mpaka chumbani. Aliyeharibikiwa ni Fundi. Alihamishiwa mbali, kutunza majokofu ya chanjo kwenye zahanati, na huko mtandao aliupata kwa kupanda mnara wa tangi la maji. Mhusika wake aliganda, akaning'inia kama shati kwenye kamba, halafu akaruka ghafla.

Walipofika lango la joka mambo yakaharibika. Lango hilo lina mawe manne, na lazima wote wanne wakanyage kwa pamoja. Mmoja akichelewa linafunga, mnaanza upya. Bi Mkasi akahesabu moja, mbili, tatu. Watatu wakakanyaga. Fundi akafika lango limeshafunga. Mara ya pili vilevile. Mara ya tano maneno yakamtoka Bi Mkasi.

"Fundi, umekuwa mzigo! Kama mtandao wako ni wa kuokoteza, kaa huko juu ulinde maji. Hapa tunacheza watu wazima!"

Akabonyeza, akamtoa kikundini.

"Haya, tutafute mtu wa kueleweka."

Kisha Nesi akakohoa.

"Mama, nikwambie kitu?"

"Niambie, mwanangu."

"Wewe ulikuwa unachelewa kuliko Fundi."

"Mimi?"

"Na ile simu ya kwanza. Ukikanyaga huko kwako, sisi tunakuona baadaye. Ndiyo maana Fundi alikuwa anakutanguliza. Ukisema unakwenda, tunahesabu mpaka nne kimya kimya, ndipo na sisi tunaondoka. Alisema tusikwambie, utajisikia vibaya."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minane," akadakia Kinyozi. "Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole."

Bi Mkasi hasahau. Mpaka leo anakumbuka kiuno cha mwalimu mkuu aliyestaafu zamani, inchi thelathini na nane. Basi akayakumbuka malango yote, moja moja, na jinsi alivyoinua shingo kila alipoambiwa atangulie. Akamkumbuka muuza vitambaa aliyemsimulia, na dada yake, na foleni nzima ya kliniki, hata yule mzee wa mkongojo aliyempigia makofi. Masikio yakamwaka moto. Alitamani sakafu ipasuke immeze na kiti chake.

Kesho yake akamrudisha Fundi kikundini, wenzao wakisikia, kwa sababu matusi nayo waliyasikia. Umri wote ule hakuwahi kumwomba radhi mtu ambaye yeye mwenyewe angeweza kumzaa.

"Fundi, baba, jana nilikukosea. Niwie radhi."

Upepo wa huko juu ukavuma kwenye simu.

"Hakuna neno, mama. Hata sikusikia vizuri, mtandao ulikata."

"Basi yameisha!" akasema Kinyozi. "Twendeni."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Bi Mkasi alishafungua mdomo. Lakini aliijua sauti ile. Ndiyo ile ile iliyomwambia atangulie.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kama hukusikia, nitakwambia nilichosema, ujue naombea radhi kitu gani."

Akayarudia yote. Neno la mzigo alilianza mara mbili ndipo likatoka. La kuokoteza. La kulinda maji. Jikoni, mkwe wake akaacha kuosha vyombo. Alipofika kwenye watu wazima sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Nilisikia yote, mama," akasema Fundi.

"Najua, baba."

"Na mke wangu alisikia. Alikuwa amenishikia ngazi."

Hilo Bi Mkasi hakuwa amelifikiria. Kumbe alimtukana mume wa mtu, mkewe akiwa amesimama hapo chini.

"Yuko wapi?"

"Yupo hapa chini, ameshika ngazi."

"Mpe simu."

"Nikishuka nayo mtandao unakatika, mama."

"Basi iache huko juu, shuka wewe, apande yeye. Mimi nitasubiri."

Kwenye simu kukasikika minong'ono, kisha ngazi ikaanza kulia, hatua baada ya hatua, mtu akipanda taratibu, na Bi Mkasi alikuwa hajajua bado ataanza na neno gani.