Kiti Kilichomtoa Jasho Papa Malachie

Nimewahi kuona mzee wa miaka sabini akikiogopa kiti. Kiti kitupu, cha miguu mitatu, kimewekwa juu ya meza mchana kweupe.

Mzee huyo ni Papa Malachie, baba yake Hulda. Na Hulda ndiye niliyempenda kufa.

Mimi ni guide kwenye makumbusho madogo hapa Butembo. Ni nyumba ya zamani ya matofali kwenye njia ya Rughenda, imejaa vyungu, ngoma na mitego ya fuko ambayo watu hutuletea. Kazi ya heshima, lakini Papa Malachie aliniita "mulinzi wa takataka".

Miaka mitatu alinikatalia, na sababu yake ilikuwa ile ile.

"Kwetu, mutu anapokea mbuzi za mahari akiwa anaikala ku kiti ya babu. Ile kiti babandi baliibeba mu vita, tukiwa tunakimbia. Sasa nitapokea mbuzi nasimama? Hapana, mutoto. Vumilia."

Ungebisha nini hapo? Mila ni mila. Ukoo mzima ulikililia kile kiti kama marehemu. Hata watoto waliijua alama yake: mjusi aliyechongwa pembeni.

Basi mwaka jana, tukijiandaa kwa siku ya utamaduni, Nassoro, msafirishaji wa Beni, akatuletea vitu vya kale alivyokusanya njiani mpaka Kanyabayonga. Nikafungua gunia. Mjusi huyu hapa, ananiangalia!

Sikumwuliza hata alikokipata. Nilijua: vitani. Nikajiambia, Vagheni, umeshaoa. Nikafunga mdomo, nikamwalika Papa Malachie na ukoo wake wote. Nilitaka afurahi mbele ya watu.

Siku ikafika. Ngoma, pombe ya kasiksi, hotuba zisizoisha. Nikaondoa kitambaa.

Shangazi zake Hulda wakapiga vigelegele. Papa Malachie akarudi nyuma hatua mbili, jasho linamtiririka. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Nassoro akatusogelea, ngoma bado zinalia.

"Ah, muzee! Ile fauteuil tulibadirishana na hii kiti, ingali nguvu? Na mugongo?"

"Nyamaza, Nassoro," mzee akanong'ona. "Kwa jina la Mungu, nyamaza."

Nilichukua muda kuelewa. Kumbe hapakuwa na mwizi! Mzee alikitoa kiti cha babu, akapewa fauteuil, kiti laini cha sofa, kwa ajili ya mgongo wake, kisha akaisingizia vita. Na kila aliponikatalia, alikuwa ameikalia hiyo hiyo fauteuil.

Hasira zikanipanda. Nilitaka kumwaga mtama pale pale.

Lakini Mama Kavugho, directrice, mkuu wetu wa makumbusho, alishashika kalamu. Kwetu kila kitu lazima kiwe na fiche yake, karatasi ya maelezo: kimetoka kwa nani, kimefikaje.

"Vagheni, ile kiti tuandike nini? Nani aliitoa?"

Ngoma zikanyamaza. Hulda akaniangalia. Baba yake akaniangalia zaidi.

"Andika iliibiwa mu vita," nikasema. "Bwana Nassoro akairudisha."

Nassoro akakohoa, akatazama dari, akakubali kuwa shujaa.

Papa Malachie akanishika mkono kwa nguvu. "Wasingya, asante, mutoto wangu. Siku ya samedi, leta mbuzi."

Nikaoa. Mzee alikikalia kiti dakika kumi, akilalamika mgongo, tukakirudisha makumbusho.

Juzi mama mmoja wa Mutwanga alisimama mbele ya ile fiche, akaisoma, akalia. Vitu vya kwao viliibiwa kweli vitani.

"Afazali yenu ilirudi," akaniambia.

Niliona haya mpaka kwenye nyayo. Lakini nikaendelea kumweleza historia, ndiyo kazi yangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tembeleeni makumbusho, ni jambo zuri sana. Vitu vyenyewe viangalieni vizuri. Lakini ile karatasi ya pembeni isomeni taratibu. Huenda aliyeiandikisha alikuwa anatafuta bibi wa kuoa.