Mkeka wa Nyuzi Nyekundu na Nyeusi

Tangu mwanawe Romani alipokonda akafa, nesi Avelina akawa mtu wa kuotaota mchana. Alimlea kwa uji mtupu wa muhogo, na karanga zilikuwa tele jikoni, hakuwazia kumtilia.

Mwaka wa hamsini na mbili zahanati ya Temeke ikafanya jaribio. Kwa kura, watoto wengine walifungwa uzi mwekundu mkononi wakapewa uji wa karanga, wengine uzi mweusi wakapewa uji mtupu. Kina mama wote waliutaka mweusi, ati unakinga kijicho, lakini kura haina mjomba. Miezi ikapita, wakapimwa kila mmoja ameongezeka uzito kiasi gani. Karanga zisipoonekana kufaa, daktari angezifuta. Zikifaa, Avelina angejua kilichomuua mwanawe.

Dada Benedicta, mkubwa wake wa kazi, akachukua wastani wa kila kundi. Ukatoka karibu sawasawa. Avelina akahisi kifua kimefunguka: karanga si kitu, basi si yeye.

Ila kwenye nyuzi nyeusi alikuwamo Sadallah, kibonge ambaye bibi yake alimnywesha maziwa ya mbuzi kutwa. Peke yake aliwabeba wenzake wote, kama tajiri mmoja anavyofanya mtaa mzima uonekane umeshiba.

Joto la alasiri likamlegeza Avelina macho. Akawaona watoto wamelazwa kwenye mkeka mrefu unaofika Mtoni, aliyeongezeka kidogo kabisa huku, aliyeongezeka zaidi kule. Hapo Sadallah alikuwa wa mwisho tu, basi. Unene wake haukumfaa mwingine. Avelina akatembea pembeni miguu mitupu akizitazama nyuzi. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Kisha nyekundu zikafuatana polepole, kama zimeitana, mpaka ubavuni mwa Sadallah.

Angeweza kunyamaza. Wastani ulikwisha kumsamehe.

"Dada, wastani haufai hapa," akasema. "Sadallah anautia uongo. Tuwapange kwa nafasi zao, tulinganishe nafasi."

Benedicta, aliyemzika Romani pamoja naye, akamtazama. "Unajua hesabu hiyo itasema nini?"

"Najua, dada."

Wakazihesabu nafasi, karanga zikashinda waziwazi. Daktari akaagiza kila mtoto apewe.

Avelina ndiye aliyetwanga za kwanza, huku analia mbele za watu bila kujificha. Mama yake Sadallah akamwuliza, "Kuna nini, nesi?"

"Mwanangu angepona," Avelina akamjibu, akaendelea kutwanga.