Omolo Aomba Ruhusa Mkekani

Omolo ni Mkenya, fundi wa kuchomelea mageti pale Kisugu, Kampala. Anasema Kiganda kizuri kiasi kwamba hata Waganda humwita awe msemaji wa bwana harusi kwenye kwanjula, siku ya kujitambulisha kwa wakwe. Msemaji hukaa mkekani hata saa nne mfululizo. Kuinuka ni kuwavunjia wakwe heshima.

Mwaka jana, huko Mengo, alibanwa na mkojo katikati ya maneno. Tezi dume ilikuwa imemsumbua miaka mitatu na hakumwambia mtu. Akajikaza mpaka sherehe ikaisha. Alipofika chooni, mkojo ukakataa kabisa kutoka. Mkewe, Ajwang, alimkimbiza hospitali, akawekewa mpira wa kutolea mkojo.

"Ulitaka kufa kwa ajili ya adabu?" mkewe akamuuliza.

"Mama Nerima, mwanaume hasemi mambo hayo."

Hasemi! Ni aibu gani hii tunayoilinda kuliko uhai wetu?

Daktari hakumpasua tumbo. Alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa paja hadi kwenye mishipa inayolisha tezi, akaiziba kwa chembe ndogo ili tezi isinyae. Omolo alikuwa macho, akitazama yote kwenye skrini. "Wewe ni fundi mwenzangu," akamwambia daktari. Kesho yake akarudi nyumbani, na baada ya wiki kadhaa mpira ukatolewa.

Miezi mitatu baadaye Tresor, kijana Mkongomani asiye na ndugu Kampala, akamwomba amsemee kwa wakwe. Ajwang akamsihi akatae. Omolo akakubali.

Siku ya kwanjula, saa mbili na nusu zilipita bila shida. Kisha akahisi mkojo. Safari hii hakujikaza. Alipiga magoti mbele ya ukoo mzima, akasema kwa Kiganda safi:

"Bassebo, wazee wangu, tezi dume yangu imetibiwa, lakini daktari amenikataza kubana mkojo. Naomba ruhusa."

Tresor akainamisha kichwa. Aliona mke anampotea.

Msemaji wa upande wa binti, mzee wa miaka sabini, akaangua kicheko. "Mkenya, unakimbilia wapi peke yako? Ningoje! Nimebana tangu ulipoanza kumsifu huyo kijana wako!"

Wazee wengine watatu wakainuka. Waliporudi, Omolo akiwa mbele, yule msemaji alikuwa bado anamhoji kuhusu daktari. Mzee akakaa, akakohoa, akaagiza binti aletwe awaonyeshe wazee mchumba wake, ishara kwamba ukoo umekubali.

Tresor akainua kichwa.