Saa Ishirini Hadi London

Wiki iliyopita binti wa jirani alinionyesha tiketi yake ya ndege. Entebbe hadi London, alisema, unakula, unalala, umefika. Nikamwambia ni kama maili elfu nne. Akacheka, akauliza nimejuaje na sijawahi kupanda ndege. Nitakueleza wewe, uliyekulia kwenye migomba kama mimi.

Nyumba ya bibi pale Kanazi ilitandikwa nyasi sakafuni, kama nyumba zetu nyingi wakati wa Mwingereza. Kila Jumamosi tulitoa zilizochakaa na kutandika mbichi, na harufu yake ilijaa mpaka jikoni. Ila mtu wa nyumbani akiwa safarini, nyasi alizozikalia hazikuguswa mpaka afike aendako. Bibi aliamini kwamba kuzitoa mapema ni kumfutia njia ya kurudi. Kwa safari za Bukoba au Muleba hakuhitaji msaada. Mwendo wa miguu aliujua.

Baba mdogo alipopata nafasi ya kusoma London, alikaa kwenye nyasi zile, akatafuna buni za kahawa alizochemshiwa na bibi, kisha akashuka Bukoba kupanda meli ya kumfikisha kwenye ndege. Ndege ingeruka Entebbe Jumatatu asubuhi. Bibi akaniita nimwambie mwanawe angefika lini. Nilikuwa darasa la nne, na nyumbani ni mimi tu niliyejua kusoma ramani.

Nilipima kwa uzi kwenye ramani ya ukutani shuleni: maili elfu nne. Mwalimu alisema ndege huenda maili mia mbili kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa ishirini. Nilikimbia njia nzima kumpelekea bibi jibu.

Jumanne adhuhuri akatoa nyasi. Jirani mmoja, mama mwenye ulimi, alisimama mlangoni akauliza tangu lini mtoto wa darasa la nne akawa rubani. Bibi akamwambia ashike nyasi asaidie au aende zake.

Simu ya maandishi ilikuja Ijumaa, ikasema amefika Alhamisi. Barua iliyofuata ilieleza kwamba ndege ilitua mara nyingi kujaza mafuta, na Khartoum abiria walilala siku mbili ikitengenezwa. Nilimsomea bibi mwenyewe. Akasema, "Mwana wange, ulinipimia njia. Kulala hukupima."

Hakunichapa. Ingekuwa afadhali. Barua zilikuja kila mwezi, baadaye kila mwaka. Baba mdogo alioa huko. Bibi hakunilaumu hata siku moja, lakini aliacha kuniuliza habari ya shule. Nami nikaanza kuokota magazeti ya zamani dukani kwa Mhindi, nikijifunza ratiba za ndege na kila mahali zinapotua.

Siamini kwamba nyasi humrudisha mtu. Nimesoma vya kutosha. Na siku hizi sakafu ni saruji, hakuna anayemngoja msafiri kwa namna ile.

Bibi alifariki kabla ya uhuru. Simu ikapelekwa London, jibu likaja kwamba baba mdogo anaondoka kesho yake. Wazee wakaniuliza tungoje mpaka lini. Nilihesabu vituo vyote, mafuta, usingizi wa abiria, meli na barabara ya Kanazi, nikawaambia Alhamisi jioni. Meli ya Alhamisi ilifika kwa wakati niliousema. Tukaangalia abiria wote wakishuka, mmoja mmoja, kisha tukarudi kuzika bila yeye.