Chura wa Bi Mariamu

Mimi ni mwalimu, kwetu Inhambane, kusini mwa Msumbiji. Nilipopangiwa kazi Quiterajo, pwani ya kaskazini, niliapa kuzungumza Kiswahili na majirani bila mkalimani, na ukaidi huo ndio ulioniponza juzi.

Asubuhi jirani yangu, Bi Mariamu, alipiga hodi akihema. Alisema mengi kwa haraka, nami nikashika maneno matatu tu: chura, ndani, mama.

Kwa Kireno, "chora" ni "analia". Nikajua ndani kuna kilio. Mama yake ni mtu mzima sana, na siku hizo alikuwa akikohoa. Basi, amefariki.

"Utakuja, mwalimu?" akauliza.

"Tangulia, nakuja," nikamjibu kwa upole.

Nikavaa shati la heshima, nikawapitia walimu wenzangu wawili, wageni kama mimi, tukanunua sukari ya msiba. Mmoja alitaka kuuliza dukani nani amekufa. Nikamkataza. Nilisema Kiswahili nimekielewa mwenyewe.

Tulipofika uani niliinamisha kichwa, nikatoa maneno niliyokariri njia nzima: "Bi Mariamu, poleni sana kwa kufiwa na mama."

Mama mwenyewe alikuwa amekaa mkekani mbele yangu, anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akanitazama.

"Nimekufa lini, mwanangu?"

Bi Mariamu aliangalia ile sukari, akaangalia shati langu, kisha akanyoosha kidole ndani, kwenye mtungi wa maji. Chura mnene alikuwa amekaa juu ya kifuniko.

Nikamkabidhi mwenzangu sukari, nikakunja mikono ya shati, nikaingia kumtoa.